Mkono wa Kaka

Siku majibu ya mtihani wa usajili wa wauguzi yalipotoka, Kigingi alikuwa amekalia miguu ya mlevi. Mlevi mwenyewe alikuwa amepasuliwa kichwa kwa chupa, mimi ndiye niliyekuwa namshona, na kila sindano ilipoingia alirusha mateke kama punda aliyevamiwa na siafu. Simu ikalia mfukoni mwa aproni ya Kigingi. Mikono yake yote ilikuwa na kazi, akaniambia, "Sista, nisomee tu, hata kama ni mabaya." Nikavua glavu moja, nikasoma. Nikamwambia, "Umefaulu, mwanangu." Akageuza uso kunitazama, na pale pale mlevi akachomoa mguu mmoja akamtia teke la mdomo. Mdomo ukachanika. Kigingi akacheka huku meno yamejaa damu, akaukamata ule mguu, akaendelea kuukalia mpaka nikamaliza kushona.

Mimi ndiye msimamizi wa idara ya dharura, na kabla hujaambiwa na watu nitakuambia mwenyewe: nina ulimi mkali na hasira za karibu. Nimetemewa mate, nimeng'atwa, nimetishiwa kwa bisibisi na mtu niliyekuwa namtoa mwiba. Watu hudhani hospitali ni mahali pa upole. Upole uko wodi ya wazazi, na hata huko nimeshaona bibi wawili wakivutana vilemba kwa sababu ya jina la mjukuu. Kwangu mimi nesi mpya si cheti. Ni mtu ambaye ukimsukuma harudi nyuma, na huyu binti tulimwita Kigingi kwa sababu hiyo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, akisimama mlangoni unatafuta mlango mwingine.

Ukakamavu huo aliufundishwa nyumbani, tena kwa kipigo. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na bucha, na mkono aliopasulia mifupa mchana ndio aliorudi nao jioni. Kosa la kijiko kuanguka lilikuwa na adhabu yake, ya waya wa pasi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," mzee alikuwa akisema huku akiukunja waya. Na kila mara waya uliponyanyuliwa, kaka yake mkubwa alijitupa katikati. Kigingi aliwahi kuniambia, tukiwa tunakunja shashi, "Mgongo wa kaka una makovu, Sista. Nusu yake ni yangu mimi."

Kaka huyo alikua akawa dereva wa lori, na ngumi za baba akazirithi zote. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ila nyoka huyu alimpenda mdogo wake kupita kiasi. Kigingi alipokuwa anajiandaa kwa mtihani, kaka ndiye aliyekaa naye uani jioni, amekalia dumu la oili, kitabu cha maswali mkononi. Kusoma kwenyewe alisoma kwa kudonoa, herufi moja moja. "Wa-go-njwa wa-ta-tu wa-me-fi-ka. Nani kwa-nza?" Binti akijibu vibaya, kitabu kilimtua kichwani, pu! Akijibu vizuri, jamaa aliruka akapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna mwizi.

Na mama yao? Mama anauza mitumba, na baada ya majibu kutoka hakuna mteja aliyenunua hata soksi bila kuambiwa kwamba binti yake amesajiliwa. Si kwamba ni nesi. Manesi wako wengi. Amesajiliwa! Neno lile lilimjaa kinywani. Watu wakaanza kumletea Kigingi majipu na vikohozi nyumbani, naye mama alisimama pembeni kama mlinzi wa benki. Mwanawe akisema dawa inywewe baada ya kula, mama hakukubali mgonjwa aimeze hata kama chakula kiko motoni kinachemka. "Amesema baada ya kula. Wewe umesajiliwa wapi?"

Nieleze jambo moja la kazi yetu. Kabla hujasajiliwa unafanya kazi kwa mkono wa mwenzako. Ukiharibu, ninayeitwa kujibu ni mimi. Ukishasajiliwa, neno lako ni lako. Nikampa Kigingi mlango. Kwenye mlango wa dharura kuna nesi anayepanga wagonjwa kabla hawajaingia, na anawafunga utepe mkononi: mwekundu aingie sasa hivi, wa njano asubiri kidogo akiwa anaangaliwa, wa kijani akae benchi aendelee kulalamika. Kanuni ya mlango huo ni fupi. Anayepiga kelele ana pumzi. Mtafute aliyenyamaza.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linachoma, na nusu ya watumishi wangu walikuwa wamekwenda kula. Pikapu ikaingia uani kwa kasi, ikafunga breki juu ya bustani yangu ya maua, wakateremshwa wanaume wawili waliokuwa wametoka kutaka kuuana. Mmoja alikuwa kaka yake Kigingi. Wa pili alikuwa fundi wa matairi, yule mwenye kibanda njia panda.

Kisa chao kilikuwa hivi. Asubuhi fundi alifunga gurudumu la lori la kaka, na nati hazikukazwa sawasawa. Lori lilipofika kwenye mteremko gurudumu likachomoka, na ilikuwa Mungu tu kwamba halikupinduka. Kaka hakwenda kuuliza. Alikwenda na mpini wa jeki. Akamtandika fundi mbavuni, upande wa kushoto, kwa nguvu zake zote, na fundi naye alipokuwa anaanguka akavuta kisu cha kukatia mpira akamchana mkono kuanzia karibu na kiwiko mpaka kifundoni. Waliowatenganisha ndio waliowabeba. Utingo wa lori, kijana mwenye shingo kama gogo, alivua mkanda wake wa suruali akapandisha mkono wa jaketi la bosi wake, akamfunga juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno. Tuseme ukweli: mkanda ule ndio uliomfikisha kaka hospitalini akiwa na damu mwilini.

Mama yake Kigingi alikuja nyuma kwa miguu, mbio, kanga mkononi.

Sasa tazama alichokiona Kigingi mlangoni. Upande mmoja kaka yake wa damu, jaketi limelowa damu, anabweka: "Dada yangu yuko wapi? Mwiteni mdogo wangu! Nakufa!" Upande wa pili fundi, amekaa benchi peke yake, hana hata tone la damu nguoni. Kijivu. Jasho jembamba juu ya mdomo. Alikuwa anapiga miayo.

"Mwone mshenzi," utingo akasema, "ameua mtu halafu anasinzia!"

Kigingi akapiga magoti mbele ya fundi. Akamshika mshipa, akamtazama ndani ya kope. "Unasikia nini?"

"Sina neno, dada," fundi akajibu kwa adabu. "Kiu tu. Na bega hili la kushoto linaniuma, sijui kwa nini. Mhudumie kwanza mwenzangu."

Mtu aliyepigwa mbavuni anayelalamika bega, ana kiu, anapiga miayo, huyo anavuja damu ndani ya tumbo, na hana muda. Hilo tunalijua sisi. Ukoo hauwezi kulijua. Ukoo unaona damu iliyo nje. Na chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja, daktari wa upasuaji mmoja. Kigingi akachomoa utepe mwekundu, akamfunga fundi.

Uani kukawaka.

"Mdogo wangu," kaka akasema, na safari hii hakubweka. "Ni mimi."

"Nakuona, kaka."

"Huyo ndiye aliyenichana!"

"Najua. Yeye kwanza."

Akamkalisha kaka yake kwa nguvu kwenye kiti, akamfunga utepe wa njano, akalikandamiza jeraha kwa furushi la shashi. Damu ilikuwa imekatika kwa sababu ya mkanda. Akaujaribu kwa kidole, akaona umekaza barabara, akaona pia kwamba akiulegeza pale, bila mtu wa kumsaidia, damu itaruka mpaka darini. Akaushika mkono wa mama yake akauweka juu ya shashi. "Mama, bonyeza hapa. Na huu mkanda usiuguse mpaka nirudi. Umesikia? Mtu yeyote asiuguse. Narudi sasa hivi."

Mama alimtazama. Kisha kwa mkono wake wa pili akamzaba kofi lililosikika mpaka duka la dawa. "Kikulacho ki nguoni mwako! Nimezaa nini mimi? Huyo aliyebeba fimbo zako unamwacha kitini kama mzigo?"

Kigingi akamgeukia fundi. Mimi nilikuwa nimeshatoka na machela. Tukampakia fundi, macho yake yameanza kuzunguka, nikamchoma dripu huku tunakimbia, nikamsukuma kuelekea upasuaji. Kigingi alibaki nyuma yangu kufunga mlango wa korido. Ndipo utingo na wenzake wawili wakaja. Mlinzi wetu alijaribu kuwazuia, wakamrusha juu ya masanduku ya dripu kama gunia. Walitaka kummaliza fundi kwenye machela, ili kaka awe yeye wa kwanza. Sikuwa na mikono ya kupigana, nilikuwa nimeshika chupa ya dripu na kichwa cha mgonjwa. Nikasikia Kigingi akisema nyuma yangu, "Hampiti." Nikasikia kioo. Nikasikia spana ya kufungulia magurudumu ikitua juu ya mfupa, na kama hujawahi kuisikia sauti hiyo, shukuru. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga wake, mfupa wa begani. Hakuondoka mlangoni. Pigo la pili lilimpata juu ya sikio, na hata alipoanguka alianguka akiwa amekumbatia vitasa viwili vya mlango, ikabidi wamng'oe kidole kimoja kimoja. Walipokuja kufaulu, mimi nilikuwa nimeshaingia upasuaji na komeo nimelishusha.

Nililia kwa hasira mle ndani. Nilimwambia daktari, "Huyu asipopona, mimi nitakwenda jela kwa ajili ya wale." Akafungua tumbo. Bandama lilikuwa limepasuka vipande viwili, damu imejaa kama maji kwenye mtumbwi mbovu. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaosha maiti.

Nilipotoka polisi walikuwa wamefika, utingo amefungwa pingu, sakafu yangu yote ni vioo. Kigingi alikuwa amelala kwenye machela, hajui juu wala chini. Nikauliza, "Na kaka mtu?" Wakaniambia wenzake wamembeba wakaondoka naye, wakisema hospitali hii inaua watu kwa makusudi. Mama yake alikuwa pamoja naye. Nikasema, shauri yao! Jeraha la mkono halimuui mtu, atashonwa popote. Sikujua habari ya mkanda. Mkanda ulikuwa juu, ndani ya mkono wa jaketi uliokuwa umeshuka, na maneno ya Kigingi kwa mama yake hakuna mtumishi aliyeyasikia.

Tulimlaza Kigingi kwa dawa kwa sababu ya lile pigo la kichwa, akalala hadi asubuhi ya pili yake. Nilikuwa namfuta uso alipofumbua macho. Hakuuliza yuko wapi. Hakuuliza bega lake. Alisema, "Mkanda." Nikamuuliza mkanda gani. Akajaribu kuinuka, akapiga ukelele wa maumivu, akaninyakua gauni. "Sista, nani ameufungua mkanda wa kaka?"

Sitasahau uso ule.

Nikamchukua dereva wa gari la wagonjwa tukaenda mpaka nyumbani kwao, nami nikakaa mbele. Tulimkuta kaka kitandani. Muuza dawa wa mtaani alikuwa amemshona jeraha tangu jana yake, vizuri tu, namsifu. Jaketi walikuwa wamelikata. Juu ya kiwiko mkanda wa utingo ulikuwa bado umekaza vile vile, na chini yake mkono ulikuwa mweusi, baridi, umevimba, vidole vimekufa. Mama alikuwa ameketi kando, hajalala, ameushika mkono ule mbaya mapajani mwake kama mtoto mchanga.

Muuza dawa alikuwa amemwambia mkanda utolewe. Alimwambia jioni, akamwambia tena kabla ya kwenda kulala. Mama akamfukuza kwa ufagio.

"Mwanangu amesema nisiuguse mpaka arudi," akaniambia. "Yeye amesajiliwa, huyo hana hata cheti. Nimemsubiri, Sista. Nimemsubiri usiku kucha. Mbona hakuja?"

Nikamwita dereva alete machela. Yule mama alimpiga mwanawe kofi mbele ya watu, akamwita kila jina, akaondoka amemkasirikia. Lakini neno la unesi wake hakulivunja. Angelivunja, kaka angekuwa na mikono miwili leo.

Daktari yule yule aliyemwokoa fundi ndiye aliyeukata mkono wa kaka, juu ya kiwiko. Hakukuwa na la kufanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kigingi alipoambiwa hakulia mbele yangu. Akasema atarudisha usajili wake kwa baraza la wauguzi, wampe mtu mwingine. "Neno langu ndilo lililomkata kaka mkono, Sista."

"Neno lako?" Nikawaka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifunika shuka. "Neno lako lilikuwa na kurudi ndani yake! Ulisema mpaka urudi, na ungerudi! Spana ya utingo ndiyo iliyokuzuia. Mpumbavu alimpigania bosi wake mpaka akamkata mkono!"

"Ningesema saa ngapi ulegezwe. Ningemwambia mtu wa pili. Tulifundishwa."

Ni kweli, hufundishwa. Nikamwambia kitu kingine, nilichodhani kitampoza: kwamba fundi angekufa, kaka yake sasa hivi angekuwa muuaji, na kwa hiyo aliwaokoa wote wawili. Akanikatiza. "Usinipambe. Sikufikiria hilo hata kidogo. Niliona mtu anapiga miayo." Akageukia ukutani.

Kaka alilazwa wodi ya wanaume, na huko akawa chui. Hakutaka kigutu chake kiguswe. Nesi wa kwanza alirushiwa beseni, wa pili alipigwa kichwa cha pua. Bandeji ikaanza kunuka, homa ikapanda, daktari akasema wazi kwamba asiposafishwa usaha utaingia kwenye damu na tutamzika. Tukamuuliza anataka nini. Akasema, "Mleteni yeye."

Kigingi akainuka kitandani, mkono mmoja kwenye kombeo la kitambaa, kichwa kimefungwa. Nikamwambia simpeleki mgonjwa wangu kwenda kuuawa na mgonjwa mwingine. Akashuka hata hivyo. Nikasukuma toroli la dawa nyuma yake nikiwa nimejiandaa, na nakiri kwamba nilikuwa nimeshika chuma cha kutundikia dripu, na si kwa ajili ya dripu.

Mama alikuwa kitini kando ya kitanda. Kigingi akasimama karibu na kaka yake, karibu kabisa, kama mtu aliyekuja kupokea haki yake. Kaka akamtazama kuanzia kichwa mpaka kombeo. Kisha mkono uliobaki ukaruka, kofi likatua shavuni, kali, la mtu mzima. Binti akayumba. Nikanyanyua chuma changu. "Sista, acha," akasema, bila kunigeukia.

Kaka alikuwa anahema. Machozi yalimtoka ghafla, mengi, mtu yule ambaye hata waya wa pasi haukuwahi kumliza. Akamnyooshea kigutu.

"Haya," akasema. "Safisha."

Akasafisha kwa mkono mmoja. Yalikuwa mambo ya kuhuzunisha kuyatazama, kaka wa mkono mmoja na dada wa mkono mmoja, na uvundo. Nikaacha chuma nikamshikia beseni. Kaka aliuma mto mpaka pamba zikatoka. Katikati ya kazi akauliza, macho yako darini, "Yule jamaa?"

"Yu hai."

"Angekufa?"

"Angekufa, kaka."

Akarudi kuuma mto. Nikashika ncha ya bandeji mpya, Kigingi akaizungusha, tukafunga. Ndipo mama akasogeza kiti. Aliitazama ile bandeji, akamtazama binti yake, na akauliza kwa woga, mwanamke yule aliyemfukuza muuza dawa kwa ufagio:

"Na hii, mwanangu? Nisiiguse mpaka urudi?"

Kigingi akapiga magoti mbele ya mama yake, kwa shida, kwa sababu ya mtulinga. Akamshika kiganja.

"Hapana, mama. Ikibana, ikiuma, ikinuka, mwite yeyote. Mwite mfagiaji, mwite mtu wa barabarani. Usinisubiri mimi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akayarudia maneno yale polepole, moja baada ya jingine, kama mtoto anayekariri, apate kuyashika: ikibana, ikiuma, ikinuka. Kigingi akamsikiliza mpaka mwisho, akamrekebisha mahali pamoja, akamwambia arudie.